Kwaresima ya Tumbaku

Jumanne, 17 Februari

Mvua tangu alfajiri. Nimebandika mabango mawili ya kukataza tumbaku, moja ukutani mwa zahanati, jingine mlangoni kwa Mansuetus mwenye duka. Mansuetus alinishikia kopo la gundi kwa heshima zote, akasubiri nimalize, kisha akauliza, "Bibi Afya, hizi sigara zangu zimelipiwa kodi au hazijalipiwa?"

Nikasema zimelipiwa.

"Basi serikali imekula kodi yangu, halafu imekutuma wewe na gundi. Nimsikilize nani?"

Nikamwambia asikilize bango. Waliokuwa barazani wakacheka. Nami nilicheka kwa aibu, maana kila mtu hapa anajua kwamba afisa afya wa kata ana mume anayevuta tangu anapofumbua macho.

Sheria yenyewe ya tumbaku ni ya mwaka 2003. Miaka yote hiyo imelala kabatini ofisini, na tangu nipewe ufunguo wa kabati nimeiacha ilale. Mwaka huu halmashauri imeamka, inataka kila kata ionyeshe matokeo.

Jumatano ya Majivu, 18 Februari

Niandike yote leo, nikiyaacha kichwani nitapasuka.

Wiki iliyopita nilimpeleka Joakim hospitali ya misheni. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kimekuwa cheusi, na mguu wenyewe ukiushika asubuhi ni wa baridi utadhani umetolewa kisimani. Daktari alitukalisha, akasema mishipa ya damu inaziba, na kinachoiziba ni tumbaku. Si kisukari wala si kurogwa. Dawa ya kuizibua hana. "Akiacha kabisa, mguu unaweza kupona. Akivuta hata kidogo kidogo, tutakata, na tukianza kukata hatutaishia kwenye kidole." Joakim ana miaka arobaini na mbili. Shamba letu lote liko mteremkoni. Mtu wa mguu mmoja hawezi hata kusimama mle, sembuse kulima.

Njiani kurudi mume wangu aliniomba jambo moja. "Mama Beata, usiwaambie watu kuwa ni tumbaku. Watasema sheria yako imenikamata mimi wa kwanza." Tukakubaliana kwamba alichomwa na kisiki akifyeka. Nilikubali upesi, kwa sababu aibu ilikuwa yangu pia.

Leo tumepakwa majivu. Mimi ni mtu wa ziwani, wa Lipingo kule Nyasa. Huku milimani nimeletwa na ndoa, na mpaka leo kuna mambo yananishangaza. Mojawapo ni hili: wanaume ambao hawajawahi kunisikiliza hata siku moja, wakishapakwa majivu wanaacha tumbaku mpaka Pasaka. Jana jioni kila baraza ilikuwa inafuka, watu wanaagana nayo. Leo hakuna anayevuta. Joakim naye amechomeka kiko chake darini, akasema, "Nimefunga."

Nikaona mlango umefunguka. Sikungoja chai, nikaenda moja kwa moja kwa katekista Benno. Nikamwambia: hawa wote wamefunga, lakini tumbaku iko nyumbani inawasubiri. Kwa nini kila mmoja asiilete altareni, iwe matoleo yake ya Kwaresima? Ikishatoka nyumbani, kishawishi kimetoka. Benno alinishika mikono yote miwili. "Bibi Afya, hilo ni wazo la Roho Mtakatifu." Nikarudi nyumbani nikiamini hivyo hivyo.

Jumapili, 22 Februari

Pamoja na mahindi, ndizi na kuku wa matoleo, leo imepanda altareni misokoto ya tumbaku, pakiti za sigara, hata viko viwili. Mzee mmoja mwenye wakwe wanaolima tumbaku huko Mpepai ametoa msokoto mnene wa kushika kwa mikono miwili. Benno amevifungia vyote sakristia, nyuma ya altare. Nilipiga picha nikamtumia mratibu wetu wa wilaya. Amenijibu kwa vidole gumba vitatu.

Mama mkwe wangu, Mama Hildegardi, hakuleta kitu. Ananusa ugoro tangu sijazaliwa, na tumbaku yake ameipanda nyuma ya jiko, kivulini mwa migomba. Nilimwambia, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba, akanusa ugoro na kupiga chafya mbele yangu makusudi.

Alhamisi, 26 Februari

Joakim hakulala. Wala mimi.

Jumamosi, 28 Februari

Wakati wa ngolo umefika na sisi hatujagusa shamba. Huku maharage hupandwa kwenye ngolo, na kazi zake ni mbili, hazichanganywi. Mwanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, miraba miraba mteremko mzima. Mwanamke huja na jembe, huchimba katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi kwa udongo anaoutoa, ndipo hupanda juu ya tuta. Nyasi zinaoza, maharage yanakula, na mvua inatuama shimoni badala ya kushuka na shamba. Mwanamke akionekana analaza nyasi, wapita njia huuliza kama mume amesafiri au amefariki.

Leo Joakim amekataa kukaa ndani. Alivaa mabuti ya mpira, akachukua panga lake la kufyekea, akapanda. Alilaza mistari michache iliyonyooka vizuri sana, halafu akakaa chini. Nilipomvua buti, soksi ilikuja na ngozi. Akatazama pembeni, akaniuliza kama nimekumbuka kuchagua mbegu.

Nimelaza nyasi mwenyewe mpaka mvua ilipotufukuza. Mistari yangu inapinda. Wapita njia wawili waliniuliza, nikawajibu vibaya.

Jumanne, 3 Machi

Amerusha sahani ya ugali ukutani, eti maharage hayana chumvi. Chumvi ilikuwepo.

Alhamisi, 12 Machi

Nimemkuta Joakim amekaa nyuma ya jiko la mama yake, katikati ya tumbaku. Hakuwa anavuta. Alikuwa amefumba macho, ananusa majani mabichi. Nilimpigia kelele mpaka jirani akatoka nje. Nilimwita mtoto. Akajibu taratibu, "Kunusa sijafunga."

Mama Hildegardi alitoka jikoni, akanivuta mkono mpaka kwenye migomba.

"Mama Beata, mimi visiki vimenichoma tangu utoto. Jeraha la kisiki nalijua. Mwanangu ana nini?"

Nikashindwa kumdanganya. Nilimweleza yote aliyosema daktari, mpaka neno la kukata. Alisikiliza hadi mwisho, kopo la ugoro limefumbatwa kiganjani. Hakuniambia pole wala hakulia.

"Watu wanajua?"

"Hapana, mama. Yeye hataki."

"Haya," akasema, akaingia ndani.

Ijumaa, 13 Machi

Tumbaku yote nyuma ya jiko imeng'olewa, hadi mizizi. Mama mkwe ana malengelenge viganjani, na tangu asubuhi anagombana na kila mtu, hata na kuku. Kopo la ugoro sijaliona. Miaka yote hii nilimweka upande wa maadui, na leo nimeona haya kumsalimia.

Alhamisi, 19 Machi

Mratibu amepiga simu. Kata yangu inaongoza wilaya nzima. Anataka niandike mbinu nilizotumia ili wengine waige. Nilipita dukani kwa Mansuetus kuhakikisha, nikakuta sigara zina vumbi. "Hakuna anayenunua, Bibi Afya," akasema bila huzuni yoyote. "Nangoja Pasaka. Mzigo nimeshaagiza." Nilidhani ananitania kama kawaida yake.

Jumamosi, 21 Machi

Daktari Swalehe wa zahanati yetu, mtu wa Kondoa, ametuletea pilau ya Idi. Akafungua bandeji ya Joakim palepale sebuleni. Kidonda kinakauka pembeni. Joakim alicheka kwa mara ya kwanza tangu majivu, akamtania Daktari kwamba wao wana bahati, jua likizama wanakula.

Nilipomsindikiza, Daktari akasimama njiani. "Dada Loveth, mwezi ulipoandama kaka yangu alinipigia simu kunitakia Idi. Nikasikia kiberiti kabla ya salamu. Alikuwa amejizuia vizuri tu mwezi mzima, kwa sababu alijua utakwisha. Huyu wako umemwandaa kwa siku ya baada ya Pasaka?"

Nikamwambia Joakim ameuona mguu unapona kwa macho yake, hawezi kuwa mjinga kiasi hicho. Daktari hakubishana. Nilimchukia kidogo kwa swali lile, ingawa pilau yake nilikula yote.

Jumapili ya Matawi, 29 Machi

Mguu ni wa moto. Niliushika kabla hajaamka, nikaushika tena nikidhani nimeshika ule mzima. Nimelia jikoni ili asinisikie. Daktari Swalehe anasema kidole kitakwenda, lakini mguu utabaki.

Baada ya misa nilimuuliza Benno kuhusu ile tumbaku ya sakristia, sasa imefika magunia mawili. Nilikuwa nimependekeza ichomwe kwenye moto wa Pasaka. Anasema Padre alicheka mpaka akakohoa: waumini wote wameuzunguka moto ule, si kila mtu atakuwa amefungua kwa moshi kabla ya Aleluya? Nami nikacheka. Benno akasema nisijali, wataona la kufanya. Nilikuwa na haraka, maharage yalikuwa yananingoja, sikuuliza zaidi.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Mvua. Joakim ameifuata Njia ya Msalaba kwa fimbo mpaka kituo cha tatu, akarudi mwenyewe.

Jumamosi Kuu, 4 Aprili

Ameniuliza Pasaka inaanza saa ngapi hasa, jua likizama au kesho asubuhi. Nikasema kesho. Akaendelea kumenya mihogo.

Pasaka, 5 Aprili

Njia ilikuwa tope tupu, Joakim hakuweza kwenda kanisani. Nikabaki naye. Mama Hildegardi alikwenda misa ya kwanza, akarudi mapema kunisaidia kupika. Kwa hiyo hatukuwepo kwenye mnada, hata mmoja wetu.

Hilo la mnada nilikuwa nalijua, na ndilo linaloniumiza. Kila sikukuu, baada ya misa, matoleo hupigwa mnada nje ya kanisa. Watu hawanunui tu kwa ajili yao. Wanachanga, wanashindana, halafu aliyeshinda anatangaza: hii ninamzawadia Padre, hii apelekewe mjane fulani, hii ya mgonjwa. Nimewahi kumnunulia mjane kuku namna hiyo hiyo. Sikuwahi kujiuliza tumbaku ikifika kwenye mnada itakwenda kwa nani.

Mchana tukasikia nyimbo. Jumuiya yetu yote ya kanisa ilikuwa inapanda njia, wanawake mbele wanaimba Aleluya, miguu yao myekundu kwa tope, Benno amebeba kikapu kichwani. Joakim aliinuka kwa fimbo kuwapokea, anatabasamu. Tuliwakaribisha, wakajaa sebuleni hadi mlangoni. Kikapu kikafunguliwa: mchele, mayai, jogoo amefungwa miguu. Chini kabisa, katika kitambaa cheupe, ule msokoto mnene wa Mpepai.

Benno akasafisha koo. "Ndugu yetu Joakim. Kisiki kimekutesa Kwaresima nzima, na bado umefunga bila kunung'unika, tumekuona. Leo Mansuetus alitaka huu msokoto auweke dukani, akapandisha bei kweli kweli. Wanaume wa jumuiya tukachanga, tukamshinda. Tukasema mgonjwa wetu afungue kwa kilicho bora. Umekaa karibu na altare siku zote hizi. Umebarikiwa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Benno akaugeukia upande wangu, kwa sababu zawadi ya nyumba hupokelewa na mke, akauweka mikononi mwangu.

Nilipokea. Nilipiga goti, nikapokea kwa mikono miwili, nikasema asanteni sana.

Ingetosha sentensi moja: hiki ndicho kinachomkata mguu. Ilikuwa mdomoni. Nikamtazama Joakim, macho yake yananisihi nisiseme, na nyuma yake zile nyuso zote zenye furaha, watu waliopanda mlima kwenye tope kwa ajili yetu. Na mimi ni Bibi Afya, mwenye mabango. Nikafunga mdomo.

Mama Hildegardi akauchukua mikononi mwangu. "Nitauhifadhi mimi," akasema kwa sauti, akaenda kukaa pembeni kwenye kigoda, msokoto chini ya kanga. Tukaanza kupakua chakula. Nikadhani tumepona. Tukala, tukaimba, na sahani zilipokuwa zinatolewa Joakim akasema mbele ya watu wote, kwa upole kabisa, "Mama, leo ni Pasaka."

Wageni wakamtazama mama mkwe, wengine wanacheka wakidhani anamchokoza mwanawe. Yeye hakumtazama Joakim. Alinitazama mimi. Alikuwa anangoja nitoe neno, na kama ningelitoa asingeinuka pale mpaka leo. Sikulitoa. Akainuka polepole, akampa.

Benno ndiye aliyeinua mkono akakishusha kiko darini. Benno ndiye aliyewasha kiberiti.

Jumatatu, 6 Aprili

Anavuta.

Jumanne, 7 Aprili

Anavuta. Nimemwambia maneno yote ninayoyajua, ya mke na ya ofisi. Anasema atapunguza. Nimemwomba aniachie huo msokoto, akaniambia ni zawadi yake, ameichangiwa na watu, siwezi kumnyang'anya kama mtoto wa shule.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimemwambia Benno ukweli. Nilikwenda nimejaa hasira, nikitaka kumtisha kwa sheria: kupiga tumbaku mnada mbele ya kanisa, watoto wamesimama pale. Nilianza hivyo kweli. "Unajua naweza kukushitaki?"

"Kwa kosa gani, Bibi Afya? Kilichotolewa altareni hakitupwi. Tungekipeleka wapi?"

Ndipo nikamwambia kuhusu mguu. Alikaa chini kwenye ngazi ya kanisa, kofia mkononi.

"Mbona hukutuambia?" akauliza. "Tulikuwa tunamtafutia kitu anachokipenda."

Sheria ninayoisimamia ina vifungu kwa muuza duka na kwa kiwanda. Mtu aliyetenda kosa hapa ni yule aliyekusanya tumbaku ya kijiji kizima mahali pamoja, halafu akakaa kimya ilipoletwa nyumbani kwake. Huyo hakuna bango linalomtaja.

Jumamosi, 11 Aprili

Mguu ni wa baridi. Mansuetus ameuza mzigo wake wote. Mratibu ameuliza kama ile taarifa ya mbinu iko tayari.

Jumanne, 14 Aprili

Weusi umepita vidole, umefika juu ya wayo, na nyumba nzima inanuka. Joakim anatetemeka kwa homa na bado anauliza kiko kiko wapi. Hakuna bodaboda iliyokubali kupanda kwenye tope hili. Benno alikuja bila kuitwa, akainama, akamwambia Joakim apande mgongoni. Amembeba mpaka barabara kuu, anateleza, anaanguka kwa magoti, anainuka, na hakukubali kupokewa na mtu. Nilitembea nyuma yao nimeshika mwamvuli usiomfunika yeyote. Nilitaka niendelee kumchukia Benno, ingekuwa nafuu.

Alhamisi, 16 Aprili

Wamekata. Chini ya goti.

Ijumaa, 17 Aprili

Alipozinduka vizuri alipapasa shuka mpaka pale panapoishia. Hakupiga kelele. Baadaye akaniita karibu.

"Mama Beata, nafunga tena."

"Mpaka lini?" Nilimuuliza kwa ukali, sikuwa na huruma iliyobaki.

"Safari hii usiniwekee Pasaka."

Sikumwamini. Nimeandika alivyosema, basi.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimerudi nyumbani kuchukua nguo na unga. Chini ya kitanda nimeukuta msokoto, umebaki zaidi ya nusu. Nikakaa nao palepale sakafuni, sijui la kuufanyia. Nikiuchoma, moshi utaingia kwa majirani na kila mtu atajua anachonusa. Ningeweza kuutupa chooni, lakini, siwezi kueleza kwa nini, nilitaka uoze, uliwe na kitu.

Nikapanda shambani. Juu kabisa kulikuwa na mstari mmoja ambao sijaufukia, nyasi zangu zilizopinda zimeanza kunyauka. Nikaulaza msokoto katikati ya nyasi, nikachimba, nikafukia. Nikapanda maharage juu yake ingawa wakati umepita.

Jumatatu, 20 Aprili

Ameniuliza kama niliuona. Nikamwambia nimeufukia kwenye ngolo ya mwisho, kule juu. Alielewa nilichomaanisha: mahali ambapo yeye hafiki tena. Aligeukia ukutani. Nilijuta, lakini sikuomba radhi.

Jumapili, 3 Mei

Joakim ameniruhusu, kwa hiyo leo baada ya misa Benno amenipa nafasi. Nilisimama mbele nikasema kwamba hakukuwa na kisiki. Nikasema ni tumbaku, nikasema nilijua tangu kabla ya majivu, na nikasema nilinyamaza. Nilikuwa nimetayarisha pia maneno ya sheria, sikuyatumia. Mama mmoja aliyekuja kwetu akiimba siku ya Pasaka alilia kwa sauti. Wanaume kadhaa walitoka nje, nikawaona dirishani wanawasha sigara kwa mshtuko. Mansuetus alibaki mpaka mwisho. Akaniambia bango lake limelowa na mvua, nimletee jingine. Sijui kama alikuwa ananitania.

Jumamosi, 9 Mei

Ameletwa nyumbani kwa gari la hospitali. Ana magongo mawili ya mbao. Mama Hildegardi amemtandikia kwenye sebule ili asipande kizingiti. Kila asubuhi naushika mguu uliobaki. Daktari wa misheni alisema wazi kwamba akirudia, ugonjwa utahamia huko. Kidole kidogo leo kilikuwa cha baridi, au mikono yangu ndiyo ilikuwa ya moto.

Jumatano, 13 Mei

Mratibu amekuja na gari, akiwa na mtu wa kamera. Nimemwambia mbinu yangu imemkata mume wangu mguu. Hakuandika hilo. Aliomba maji ya kunywa, akaondoka.

Jumatatu, 18 Mei

Anakasirika kwa kila kitu. Anakaa mlangoni akitazama shamba siku nzima. Nikipita karibu nanusa shati lake kwa siri, kola na mfuko. Amenishika nikifanya hivyo.

Jumamosi, 23 Mei

Mvua imekwisha, anga limekuwa jeupe na upepo wa kipupwe umeanza. Nilitoka kliniki ya watoto mchana, nikakuta sebule tupu. Magongo hayapo. Mama Hildegardi alikuwa kisimani, hakumwona. Nikaita, kimya.

Nyuma ya nyumba nikaona alama za magongo kwenye udongo, mbili mbili, zinaelekea shambani. Zinapanda kati ya maharage. Pale mteremko unapokaza, alama za magongo zinakatika na badala yake kuna mburuzo mpana wa mtu aliyekwenda kwa makalio, anajivuta kwa mikono. Nilijua anakwenda wapi, mimi ndiye niliyemwelekeza. Mwezi wa pili mtu huyu alishindwa kupanda mpaka hapa akiwa na miguu miwili na panga, na leo amepanda. Nilimfuata nikimtukana na kulia, kwa Kiswahili na kwa Kinyasa cha kwetu, kwa sababu Kiswahili hakikutosha.

Nilimkuta kwenye mstari wa mwisho. Tuta limefukuliwa kwa vidole, miche ya maharage imewekwa pembeni kwa uangalifu, mizizi na udongo wake. Msokoto uko mapajani. Nikatafuta kiberiti kwa macho, mkononi kwanza, halafu mfukoni mwa shati.

"Sina kiberiti," akasema. "Nilikuja kuangalia kama tumbaku imeoza."

Pumzi zilikuwa zimeniishia. Nikakaa chini karibu naye.

"Imeoza?"

"Nje imeoza. Ndani bado."

Akanipa nishike. Majani ya juu yalikuwa yamekuwa tope jeusi, yakaniachia weusi vidoleni. Katikati palikuwa pagumu, na harufu ilikuwa ile ile. Yeye aliinusa kutoka pale alipokaa, nikamwona anameza mate. Kucha zake zilikuwa zimejaa udongo. Akasema wiki nzima amekuwa akiiota, na wakati anapanda hakujua akifika ataifanya nini. Hata kiberiti alikiacha kwa kuogopa, si kwa nguvu za moyo.

"Na sasa unajua?" nikamuuliza.

"Sijui, Mama Beata. Kesho ndiyo sijui kabisa."

Tukakaa. Chini yetu shamba lote lilionekana, mistari yake michache iliyonyooka na yangu yote inayopinda, maharage yamefunika kila tuta.

"Nyasi zako umezilaza vibaya," akasema hatimaye. "Ndiyo maana haiozi. Hewa haipiti."

Akauchukua msokoto mkononi mwangu, akaurudisha shimoni, akajivuta pembeni mahali nyasi zilipo, akazing'oa kwa mkono, konzi moja moja, akazipanga juu ya msokoto pande zote nne, zimenyooka. Alichukua muda, sikumharakisha. Alipomaliza akaondoa mikono. Nami nikauvuta udongo, nikafukia.